Mfumuko umepungua, bei je?

Kila Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapotangaza kwamba mfumuko wa bei umepungua, taarifa yake huongeza sentensi ya pili: maana yake ni kwamba kasi ya mabadiliko ya bei imepungua. Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayonishughulisha. Istilahi inayohitaji mkalimani kila mwezi bado haijakamilisha kazi yake.

Neno lenyewe ni zuri. Kufuma ni kushikanisha nyuzi. Kufumua ni kuzitengua. Mshono ukifumuka, nguo huachia uzi baada ya uzi. Waliotuundia istilahi hii wangeweza kuchukua kufura, au kuumuka kwa donge la unga, kwa kuwa lugha za Ulaya zinasema juu ya kitu kilichojazwa pumzi. Wao wakaona bei ni kitu kilichoshikana kisha kikaachia. Na ndivyo mambo yanavyokwenda: dizeli ikipanda inavuta nauli, nauli inavuta gunia la mchele kutoka Mbeya, gunia linavuta sahani ya mama ntilie. Wenzetu wa Kenya huandika pia mfumko. Mimi nabaki na mfumuko, maana kitenzi ni fumuka, na irabu u iliyodondoshwa haina kosa lolote la kufukuziwa.

Lakini mfumuko ni tukio, na kinachopimwa ni kasi. Tuseme kitu cha shilingi 1,000 kimefika 1,100 mwaka wa kwanza, na 1,155 mwaka wa pili. Mfumuko umetoka asilimia 10 hadi 5. Mtangazaji anasema umepungua kwa nusu, na hasemi uongo. Mnunuzi anatoa shilingi 155 zaidi ya alizozoea, naye hasemi uongo. Napendekeza mfumuko ubaki jina la hali, na kipimo chake kiitwe kasi ya bei. “Kasi ya bei imepungua” haimfanyi mtu yeyote adhani kwamba bei yenyewe imeshuka.

Hata bei ina safari yake. Kwa Waarabu bay' ni kuuza, na thaman ndiyo bei. Tulipoyapokea maneno haya tuliyagawia kazi upya: bei ikawa kiasi unachotozwa, thamani ikawa uzito wa kitu chenyewe. Mgawanyo huo unatufaa sana, kwani mafuta hununuliwa kwa dola: shilingi ikishuka thamani, mafuta yatapanda bei hata kama pipa halijapanda.

“Bei ya mafuta yapanda.” Mafuta yapi? Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, yalipanda ya gari na yalipanda ya kukaangia, kwa sababu nchi hizo mbili ni wazalishaji wakubwa wa alizeti. Msomaji wa kichwa kile cha habari hakujua kama aliyeumia ni dereva au mpishi. Mtaani hatuna shida hiyo: kuna mafuta ya kula, kuna mafuta ya taa, na ya gari yanauzwa sheli, hata kama kituo ni cha kampuni nyingine kabisa. Shida iko maofisini. “Bidhaa za mafuta ya petroli” zinajumuisha dizeli na mafuta ya taa, kisha petroli yenyewe ni mojawapo ya bidhaa hizo. Jumla na sehemu yake zimepewa jina moja. Kwa asili yake petroleum ni mafuta ya mwamba, maneno ya Kigiriki na Kilatini yaliyounganishwa. Kwa nini tusiseme hivyo hivyo? Mafuta ya mwamba yawe jumla. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yawe watoto wake.

Gesi imetuchanganya zaidi, na hapa mkanganyiko unaleta manung'uniko ya kweli. Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme tangu 2004, na bomba la kutoka Mtwara likakamilika 2015. Basi mwananchi anauliza: kama gesi ni yetu, kwa nini mtungi una bei kubwa hivi? Swali ni la haki, ila limejengwa juu ya neno moja linalobeba vitu viwili. Iliyomo kwenye mtungi ni propani na butani, nayo tunaiagiza kutoka nje. Tuiite gesi ya mtungi kila mara, na nyingine tuiite gesi asilia bila kulikata jina. Ile ya magari inaitwa gesi iliyoshindiliwa, na sina la kuongeza: aliyewahi kuona baruti ikishindiliwa kwenye gobore ameelewa yote.

Bei kikomo na bei elekezi zisibadilishane nafasi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kuuza juu yake ni kosa. Elekezi inaelekeza tu.

Ruzuku ni ndugu wa riziki. Mungu ndiye mwenye kuruzuku. Juni 2022 Serikali ilipotoa shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei za mafuta, neno hili lilibeba harufu ya hisani, ilhali fedha zilikuwa za walipakodi. Hatuwezi kulifuta, limekwisha kuota mizizi. Lakini fedha hizo hufidia pengo kati ya bei halisi na ile anayotozwa mnunuzi, kwa hiyo fidia ya bei ingesema ukweli mtupu, bila kumfanya yeyote mfadhili.

Nimeacha mwisho istilahi inayoniuma kuliko zote. Uchumi unatokana na kuchuma, na nchi inayouza dhahabu inachuma kweli. Nani anapeleka nyumbani alichochuma? Tunachokiita Pato la Taifa ni thamani ya vinavyozalishwa ndani ya mipaka, bila kujali mwenye mali ni nani. Mgodi mkubwa wa Geita ni wa AngloGold Ashanti. Dhahabu yake inahesabiwa, faida ya mwenye mgodi ikiwemo, na taifa linaambiwa pato lake limekua. Pato ni kile ulichopata. Mrabaha wa dhahabu, uliopandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017, ni pato la taifa. Mishahara ya wachimbaji wetu na kodi pia. Faida inayokwenda kwa wenye hisa wa nje si pato letu, hata kama imechimbwa kwetu.

Wanauchumi wana vipimo viwili kwa mambo haya mawili, nasi tumelitumia jina la cha pili kuita cha kwanza. Kinachozalishwa nchini kiitwe Pato la Ndani. Pato la Taifa libaki kwa kile wanachopata wakazi wa nchi na Serikali yao, popote kilipotoka. Bajeti husomwa kila Juni: mhariri unayesoma haya, itakapokuja nyingine, usikubali jina moja litumike kwa yote mawili.