UZI: Kanjo walitoka wapi? Historia ya mchuuzi, leseni na sheria za jiji la Nairobi

1/ Kila uchaguzi ukikaribia swali ni lile lile: wachuuzi watolewe tao ama waachwe? Mgombea mmoja anaahidi jiji safi, mwingine anaahidi hakuna mama mboga atasumbuliwa tena. Sisi nasi tunararuana huku chini ya posti zao. Leo sitaji mtu wala chama. Nataka turudi nyuma miaka zaidi ya 120, kwa sababu hili swali halikuanza jana.

2/ Tuanze na neno lenyewe. "Kanjo" ni council iliyopitia mdomo wa Mswahili. Baraza la jiji lilikufa 2013 kaunti zilipoanza kazi, lakini jina limebaki. Na si jina tu. Mabosi wamebadilika, bendera imebadilika, hata Katiba imebadilika. Kile ambacho hakijabadilika sana ni mtindo: kamata kwanza, mengine baadaye. Huo mtindo una historia.

3/ Reli ilifika Nairobi 1899. Mwaka uliofuata, 1900, kanuni za kwanza za mji zikatangazwa. Mji wenyewe ulikuwa mahema, stoo za reli, ofisi chache na maduka ya Wahindi. Kwa hivyo Nairobi ilipata kanuni kabla haijapata mitaro ya maana. Na aliyeziandika hakuwa mkazi aliyechaguliwa na wakazi. Alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni.

4/ 1902 tauni ikazuka katika soko la Wahindi. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, hofu pia. Daktari wa serikali akaagiza watu waondolewe na soko lichomwe. Likachomwa. Wenye maduka wakaanza upya. Kumbukeni hiyo picha: shida ya kweli ya afya, halafu suluhisho ni kuteketeza mahali watu wanapopatia riziki, badala ya kuwaletea maji na choo.

5/ Kuanzia hapo "usafi" ukawa neno zito Nairobi. Mara linamaanisha kuzoa taka, mara linamaanisha nani akae wapi na nani asionekane wapi. Wazungu huku juu, Wahindi pale, Waafrika kule mashariki. Ukisikia mtu leo anasema "tusafishe jiji", muulize tu kwa upole: kusafisha taka ama kusafisha watu?

6/ Mwafrika alihesabiwa kama mgeni mjini, mtu wa kibarua ambaye kazi ikiisha arudi reserve. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alitembea na karatasi yake shingoni ndani ya kikebe. Ongeza sheria za uzururaji: bila kazi inayotambulika, wewe ni mzururaji. Sasa anayeuza viazi barabarani ana mwajiri gani wa kumwandikia?

7/ Hii ya pombe wengi hawajui. Miaka ya 1920 manispaa ilijipa ukiritimba wa kuuza pombe ya kienyeji kwa Waafrika, ikafungua baa yake Pumwani. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani kulisha watoto akawa mhalifu, na aliyemkamata alikuwa pia mshindani wake wa biashara! Kwa hivyo mtoa leseni kuwa na maslahi yake kwa biashara unayofanya si mambo ya juzi.

8/ Miaka ya 1940 watu walizidi kuja mjini, na wachuuzi wakaongezeka. Jibu la manispaa? Leseni za uchuuzi kwa Waafrika ziliwekewa kikomo. Someni hapo polepole. Sheria inasema uza ukiwa na leseni. Halafu leseni zinatolewa chache kuliko wanaozihitaji. Anayebaki nje anaitwa mvunja sheria, ilhali alifika dirishani akaambiwa zimeisha.

9/ Aprili 24, 1954 ikaja Operesheni Anvil, wakati wa vita vya Mau Mau. Jiji likazingirwa, mtaa kwa mtaa, watu wakachujwa. Zaidi ya 20,000 waliwekwa kizuizini, na wengine wengi wakarudishwa mashambani kwa nguvu. Hiyo ilikuwa vita, najua, si msako wa leseni. Lakini jiji lilizoea jambo moja: lori, kizuizi cha barabara, na karatasi yako ndiyo inaamua.

10/ 1963 uhuru. Vizuizi vya kuingia mjini vikalegea, watu wakaja kutafuta maisha. Sensa ya 1969 ilihesabu watu kama 509,000 Nairobi. Ya 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. Ajira za ofisi na viwanda hazikukua kwa kasi hiyo hata kidogo. Wengine walienda wapi? Gikomba, Burma, stendi ya basi, kando ya barabara. Hapo ndipo Kenya nyingi inakula.

11/ 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, walikuja kuchunguza ajira Kenya. Ripoti yao ndiyo iliyofanya dunia nzima ianze kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi. Walisema hawa watu si mzigo, wanazalisha na wanaajiri. Wakashauri serikali ipunguze masharti ya leseni na iache kubomoa. Zaidi ya miaka 50 sasa! Ushauri tulipewa tukiwa wa kwanza.

12/ Mei 1990, Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos. Vibanda na nyumba zikabomolewa, kukawa na makabiliano makali kati ya wakazi na askari. Na kumbukeni jiji halikuwa na madiwani wakati huo. Kuanzia 1983 hadi 1992 liliendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali. Mwenye kibanda hakuwa na diwani wa kumpigia kelele, wala kura ya kumwadhibu.

13/ Sasa tuwe wakweli, upande wa pili upo. Mwenye duka analipa kodi ya nyumba, kibali, taka, mshahara wa mfanyakazi. Akifungua asubuhi, mlangoni kuna viatu vile vile anavyouza, kwa nusu bei. Mtu wa kiti cha magurudumu anashuka barabarani kwa sababu njia ya miguu imejaa. Moto ukizuka, zimamoto watapitia wapi? Mimi sisemi jiji likae bila sheria. Mji bila sheria humwumiza mnyonge kwanza.

14/ Mageuzi yamejaribiwa pia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 leseni nyingi zilianza kuunganishwa kuwa kibali kimoja cha biashara. Hiyo ilisaidia wenye maduka. 2008 soko la Muthurwa likafunguliwa ili wachuuzi watoke katikati ya jiji, na stendi ya matatu ikawekwa hapo hapo. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mteja wa mchuuzi ni mpita njia, na wapita njia wengi walibaki tao. Baada ya muda wauzaji wakawafuata.

15/ Halafu Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya masoko na leseni za biashara. Kifungu cha 47 kinasema hatua ya serikali dhidi yako iwe ya haki, ya busara na ifuate utaratibu. Lakini Jedwali la Sita liliruhusu sheria za zamani ziendelee, zikisomwa kwa kulingana na Katiba mpya. Ndivyo sheria za baraza, kama zile za kero za umma za 2007, zilivyoingia kwa enzi ya ugatuzi. Nyumba mpya, fanicha ya zamani.

16/ Nitoe mfano wa nyumbani, na mji sitautaja. Shangazi yangu aliuza nyanya na vitunguu. Siku moja askari walikuja, wakabeba yeye na mzigo. Kortini aliambiwa akikana atarudi siku nyingine kusikizwa. Siku nyingine ni siku bila kuuza. Akakubali kosa, akalipa faini. Faini aliimudu. Nyanya hakurudishiwa, na hakuna aliyemwonyesha karatasi ya kilichochukuliwa. Mtaji wote ulikuwa kwa hilo gunia.

17/ Hapo ndipo utaelewa kitu kidogo kinatoka wapi. Piga hesabu kama yeye. Ukimpa askari mia mbili, unabaki na mzigo na siku yako. Ukifuata sheria, unapoteza vyote viwili halafu unalipa faini juu. Sheria yenyewe imefanya hongo iwe njia ya bei nafuu. Kubadilisha askari bila kubadilisha hiyo hesabu ni kumbadilisha tu anayepokea. Na huyo askari pia ni mtoto wa mtu, ametumwa.

18/ Kuna kitu mkihifadhi kwa simu. Kifungu cha 49 cha Katiba: ukikamatwa, ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Na kama kosa lako adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, usiwekwe rumande. Makosa mengi ya barabarani ya kanjo ni madogo. Kwa hivyo kulala ndani wiki nzima ukingoja kesi ya karanga si "ndivyo ilivyo". Ni kinyume cha Katiba.

19/ Na si Kenya peke yake. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, pamoja na sheria ndogo za miji za namna hiyo, zinakiuka Mkataba wa Afrika, na nchi zinapaswa kuzirekebisha ama kuzifuta. Kenya ilikuwa imefuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997. Tulifuta jina. Ule mtindo wa kubeba watu kwa lori tukaubakisha.

20/ Kwa hivyo mdahalo ujao, mkisikia "watolewe" ama "waachwe", msikubali kuchagua haraka. Muulizeni mgombea maswali manne:
Leseni za uchuuzi zitakuwa ngapi, na nitaipata wapi kwa siku ngapi?
Mzigo ukichukuliwa, nitapewa risiti, na vitu vinavyooza vitafanyiwa nini?
Kwa nini kosa dogo lisiwe notisi ya kulipa badala ya pingu?
Njia ya miguu itagawanywaje, saa ngapi, na nani atakaa mezani kuamua?

21/ Asiyeweza kujibu hayo manne anawauzia hewa, awe wa jiji safi ama wa mama mboga. Mwenye duka mlioko hapa, na mchuuzi, na hata askari wa kaunti kama unasoma kimyakimya: ni lipi kati ya hayo manne lingebadilisha siku yako kwanza? Semeni hapa chini, bila matusi. Nitasoma zote.