Ekari 5 za Jeevanjee

Mwaka 1906 mji wa Nairobi ulikuwa na umri wa miaka 7. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika hapo Mei 1899, kwenye uwanda wenye chemichemi ambako Wamaasai walinywesha ng'ombe wao, na kilichoota kando yake kilikuwa mji wa mabati, mahema na karakana za gari moshi. Kiangazi watu walikula vumbi; masika yakija, mikokoteni ilikwama topeni. Katika mji wa namna hiyo, mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Karachi alichukua takriban ekari 5 za ardhi, akazifanya bustani, akawapa wakazi wapate pa kupumzikia.

Bustani hiyo ingalipo. Imezungukwa na Moi Avenue, Muindi Mbingu, Monrovia na Moktar Daddah, katikati kabisa ya jiji ambalo sasa lina mamilioni ya watu, na bado inaitwa kwa jina la aliyeitoa: Jeevanjee.

Majina ya barabara hizo yanatosha kuwa somo la historia. Samuel Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba mwaka 1938, pale serikali ya kikoloni ilipoanza kuwanyang'anya ng'ombe kwa hoja kwamba mifugo imezidi malisho. Watu wake walitembea kwa miguu kutoka Ukambani hadi Nairobi, wakapiga kambi na kukataa kuondoka mpaka gavana awasikilize. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini ng'ombe walirudishwa. Moktar Ould Daddah alikuwa rais wa kwanza wa Mauritania, na Monrovia ni mji mkuu wa Liberia. Hayo ni majina ya baada ya uhuru, wakati Kenya ilipoyaondoa ya magavana na wakuu wa Kiingereza kwenye vibao vya barabara. La Jeevanjee halikuguswa.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 katika jamii ya Mabohora. Shule hakuipata sana. Biashara aliijua tangu ujana. Aliwahi kufika hadi Australia akiuza bidhaa za Kihindi kabla ya kuja Mombasa karibu na mwaka 1890, wakati kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani kwa niaba ya serikali yao ilipokuwa ikitafuta watu wa kuisaidia kazi. Waingereza walipoanza kujenga reli ya Uganda mwaka 1896, Jeevanjee alipata kandarasi za kuleta vibarua kutoka India na kuwapa wajenzi mahitaji yao. Wahindi zaidi ya 31,000 waliletwa kwa kazi hiyo katika miaka yote ya ujenzi. Karibu 2,500 walikufa kwa malaria, kuhara, ajali na, huko Tsavo, kwa simba. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha, lakini zaidi ya 6,000 walibaki, na kutokana nao na wafanyabiashara waliowafuata ndipo ilipotokea sehemu kubwa ya jamii ya Wahindi wa Kenya.

Utajiri wa Jeevanjee ulitoka hapo, na hilo halifai kufichwa. Bustani anayolalia mtu leo ilitokana na faida ya reli iliyowagharimu wengine maisha.

Aliutumia utajiri huo kwa mapana. Mwaka 1902 alianzisha Mombasa gazeti la African Standard, kisha akaliuza baada ya miaka michache. Gazeti hilo likahamia Nairobi, likabadilisha wenyewe na jina, nalo ndilo The Standard linalouzwa hadi leo na wachuuzi wa magazeti hatua chache kutoka bustanini. Nairobi nako alijenga na kupangisha majengo mengi, likiwemo soko lililoitwa kwa jina lake. Palikuwa na haja kubwa. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika maduka ya Wahindi, na wakuu wa afya wakaamuru mtaa mzima wa biashara uteketezwe kwa moto. Mji ulioungua hivyo, ambao wenye mamlaka waliuona kama kituo cha reli tu, haukuwa na mtu wa kuufikiria kama pahali pa watu kuishi na kuzeeka. Kutoa ekari 5 za kukaa bure kulikuwa kuitabiria Nairobi maisha marefu kuliko walivyoitabiria maofisa wake.

Katika bustani hiyo alisimamisha sanamu ya marumaru ya Malkia Victoria, na mwaka uleule wa 1906 ikazinduliwa na Duke wa Connaught, mwana wa malkia mwenyewe, alipokuwa ziarani Afrika Mashariki.

Mgeni wa leo huuliza kwa nini. Mtu aliyepigania haki za Wahindi dhidi ya walowezi wa kizungu anajengaje sanamu ya malkia wao? Jibu lenye nguvu zaidi linapatikana India. Mwaka 1858, baada ya uasi mkubwa kuzimwa, Victoria alitoa tangazo akiwaahidi raia wake wa Kihindi kwamba hawatabaguliwa kwa rangi wala dini katika utumishi wa dola. Kwa miongo mingi Wahindi wa makoloni waliishika ahadi hiyo na kuwakumbusha nayo Waingereza kila walipobaguliwa. Ukiitazama sanamu kwa jicho hilo, inaonekana kama hati ya mdai iliyowekwa hadharani. Walowezi wa Nairobi, waliokuwa wakitaka ardhi ya nyanda za juu iwe ya wazungu peke yao, walipita mbele yake kila siku.

Madai hayo Jeevanjee aliyapeleka mpaka ndani ya Baraza la Kutunga Sheria alikoteuliwa mwaka 1909, akiwa wa kwanza asiye mzungu kuketi humo. Mwaka 1910 alikuwa London akilalamika magazetini, na mwaka 1912 alichapisha kijitabu cha kutetea haki za Wahindi wa Afrika Mashariki. Alikuwa pia miongoni mwa vinara wa chama cha Wahindi, East African Indian National Congress, kilichoundwa mwaka 1914. Lakini utetezi wake ulikuwa na mpaka. Huko London alifikia hatua ya kupendekeza nchi hizi ziwekwe chini ya India, na katika pendekezo hilo Mwafrika, mwenye nchi, hakuulizwa neno. Kumsifu Jeevanjee bila kulitaja hilo ni kumpunguzia mtu uzito wake.

Wala bustani yake haikuwa ya kila mtu kwa namna moja katika miaka hiyo. Kuanzia mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande shingoni, ndani ya kikasha cha bati, na polisi aliweza kumsimamisha popote mjini na kumuuliza anatafuta nini. Kukaa kwenye nyasi katikati ya Nairobi bila shughuli inayojulikana kulikuwa jambo la hatari kwake. Umma uliopewa ekari zile mwaka 1906 ulipanuka polepole, kwa vita na kwa uhuru, hadi ukawafikia wachukuzi, mayaya na vibarua wa Eastlands. Jeevanjee hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1936, mali yake ikiwa imepungua sana.

Miaka mingi ilipita bustani ikiwa bustani tu. Kisha ukaja mwaka 1991.

Nairobi wakati huo haikuwa na madiwani. Baraza lilikuwa limevunjwa mwaka 1983 na jiji likawekwa chini ya tume iliyoteuliwa, kwa hiyo mkazi hakuwa na mtu aliyemchagua wa kumwendea. Ardhi ya umma iligawiwa kama zawadi za kisiasa: viwanja vya michezo, vyoo vya umma, hata kingo za mito. Ndipo ukatokea mpango wa kuichimbua Bustani ya Jeevanjee na kujenga maegesho ya magari na maduka. Hoja ilikuwa ile ile inayorudi kila jiji linapotamani nyasi: magari yamezidi, ardhi imekaa bure.

Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, msanii na mwanaharakati, aliukataa mpango huo hadharani. Alianzisha kampeni, akaeleza kwamba ardhi ile ilitolewa kwa wananchi na si mali ya ofisi yoyote kuigawa, na akawavuta watu wa kila tabaka. Kufanya hivyo wakati huo kulihitaji moyo. Kenya ilikuwa bado ya chama kimoja. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichopiga marufuku vyama vingine, kilifutwa Desemba ya mwaka huohuo. Watu walikuwa wakifungwa kwa maneno. Lakini wanakampeni walikuwa na mfano wa karibu: mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya jumba la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni na shirika lake likafukuzwa ofisini, ila jumba halikujengwa. Jeevanjee nayo ikapona. Patel hakuishia hapo; aliandika kitabu kuhusu maisha ya babu yake, kikatoka mwaka 1997, na kwa kazi hiyo jina lililokuwa limebaki kwenye kibao tu likapata tena mtu nyuma yake.

Mwandishi yeyote anayeisifu bustani hii kwa miti yake angekuwa amekosa kiini. Miti ipo, vivuli vipo, na vinapendeza. Kinachoitofautisha Jeevanjee na bustani nyingine za Nairobi ni mazungumzo. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, watu wasio na kazi, wachuuzi, walimu waliostaafu na wanafunzi kutoka Chuo Kikuu kilicho jirani walianza kukusanyika kwenye mabenchi na kujadili siasa. Mikusanyiko hiyo ikazaa Bunge la Mwananchi. Wana spika, wana hoja, wana zamu ya kusema, na anayepinga husikilizwa kabla ya kuzomewa. Kiswahili ndiyo lugha kuu, Sheng ikipenya anapochangamka kijana. Bajeti ya serikali husomwa humo na mtu aliyevaa viatu vilivyoraruka, na husomwa kwa makini kuliko inavyosomwa na baadhi ya wanaolipwa kuisoma.

Maneno hayo hayakuishia benchini. Bei ya unga ilipopanda mwaka 2008, na tena mwaka 2011, watu wa Bunge la Mwananchi walikuwa miongoni mwa walioingia barabarani, na baadhi yao walikamatwa. Katiba ya mwaka 2010 iliwapa ngao mbili ambazo Patel na wenzake hawakuwa nazo: kifungu cha 37 kinacholinda haki ya kukusanyika kwa amani, na kifungu cha 62 kinachoeleza ardhi ya umma ni ipi na inashikiliwa kwa niaba ya nani. Kabla ya hapo, ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilikuwa imefichua jinsi ardhi ya umma ilivyoporwa nchi nzima. Anayezisoma kurasa zake ataona kwamba kunusurika kwa ekari 5 katikati ya Nairobi, ambako kila futi ina bei, ni jambo la nadra.

Upande wa pili wa bustani ni wa wahubiri. Saa za chakula cha mchana husimama na Biblia mkononi, sauti ikipanda na kushuka, na wasikilizaji wengi ni watu ambao hawana pesa ya chakula hicho. Kuna wanaosubiri simu ya kazi wakiwa na vyeti ndani ya bahasha ya kaki. Kuna wapenzi, kuna wauza njugu, kuna wanaolala usingizi mzito wakiwa wamefunika uso kwa gazeti. Mtunzi wa riwaya akikosa mhusika, aende pale.

Miaka ya 2010 bustani ilipata sifa ya namna nyingine. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilishirikiana na watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft katika mradi wa kuwapa wananchi nafasi ya kubuni maeneo ya umma. Jeevanjee ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Vijana waliijenga upya kwenye skrini, wakipanga njia, taa na mabenchi walivyotaka wao, na michoro yao ikajadiliwa na wakuu wa jiji. Mwaka 1906 mtu mmoja aliamua kila kitu. Safari hii wanaoitumia waliulizwa.

Malkia hakubahatika hivyo. Mwaka 2015 sanamu yake ilishambuliwa na kuharibiwa. Wapo waliofurahi na wapo waliosikitika, na kila upande una hoja yake. Ila sanamu ile ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyobaki vya Nairobi ya mabati, na ilibeba dai la Jeevanjee kwa walowezi zaidi ya ilivyobeba enzi ya Victoria. Kuivunja bila kuieleza kumepoteza somo.

Ndiyo maana Kaunti ya Nairobi inaombwa ifanye jambo dogo. Iandike kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, nani aliitoa ardhi hii, mwaka gani, kwa ajili ya nani, na nani walioizuia isichukuliwe mwaka 1991. Ibandike maandishi hayo kila lango. Na msomaji anayetaka kuiona bustani ikiwa hai aende siku ya kazi, kati ya saa saba na saa nane mchana, atafute benchi lenye kelele nyingi kuliko yote, aombe nafasi ya kusema. Hakuna kiingilio.