Ili Uyaelewe Magofu ya Engaruka, Anzia Digodigo

Msafiri wa kawaida huanzia Arusha. Hupita Makuyuni, akafika Mto wa Mbu, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu na kulala huko, kwenye hoteli iliyozungukwa na mibuni. Alfajiri ya kesho yake yuko langoni Ngorongoro. Siku mbili au tatu zikipita ameshaona faru na simba, pengine ameshuka na Olduvai, kisha anarudi alikotoka. Kilomita kama 60 kaskazini ya Mto wa Mbu, chini ya ukuta uleule wa Bonde la Ufa, yamelala magofu ya Engaruka, makao ya wakulima waliolima kwa mifereji ya mawe kwa karne kadhaa. Wanaogeuza gari kwenda kuyaona ni wachache.

Hata hao wachache, kwa maoni yangu, huingilia mlango usio wake. Wanafika juani, wanaonyeshwa kuta fupi, malundo ya mawe na mitaro mikavu, wanapiga picha na kuondoka wakiwa hawajui walichokiona. Si kosa lao. Engaruka yote ilijengwa kwa ajili ya maji, na maji yenyewe yamekwisha kuondoka. Ukitaka kuyaelewa mawe yale, tangulia kwanza mahali ambako maji bado yana wenyewe, yana zamu na yana kesi. Tangulia Digodigo, kisha uteremke kusini.

Digodigo ni kata ya tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro. Wenyeji wake ni Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi. Ni Wabantu wakulima waliozungukwa na wafugaji wa Kimasai, na lugha yao wataalamu huiweka kundi moja na lugha za Wakikuyu na Wakamba wa Kenya. Mvua ya huko si ya kutegemea. Kilichowaweka Wasonjo vijijini mwao, Digodigo, Samunge, Sale na Oldonyo Sambu, ni chemchemi na vijito vya milimani. Maji huzuiwa kwa banio la magogo, matawi na udongo, yakachepushwa na kuingia mferejini, na mfereji ukagawanyika hadi ukafika kwenye shina la mtama au la mhindi. Mashamba ya bondeni huitwa hura. Yale ya juu kidogo, yenye udongo wa kichanga, huitwa magare.

Banio la matawi halina la kustaajabisha. Mvua kubwa moja huling'oa, na watu hulirudishia. Cha kustaajabisha ni namna watu mia kadhaa wenye njaa ileile na kiu ileile ya shamba wanavyokubaliana nani afungulie maji leo usiku na nani angoje hadi keshokutwa. Mwanaanthropolojia Robert Gray, ambaye kitabu chake kuhusu Wasonjo kilitoka mwaka 1963, alikuta jambo hilo limo mikononi mwa baraza la wazee waitwao wenamiji. Msomaji wa Kiswahili analisikia neno hilo bila mkalimani: wenye mji. Cheo hurithiwa. Zamu ya maji ni haki yao kwanza, chini yao wapo wenye haki ndogo, na asiye na haki yoyote huenda kuomba, naye haendi mikono mitupu. Mbuzi na asali vilikuwa lugha ya maombi hayo, na mwizi wa maji alitozwa faini ya mbuzi. Chemchemi zenyewe zimefungamana na dini ya jadi ya Batemi na jina la Ghambageu, nabii wao mkuu, kwa hiyo kuyachezea maji hakukuwa kosa la shambani tu.

Serikali ya kikoloni ilipita, uhuru ukaja, vijiji vya ujamaa vikapangwa, wenyeviti wakachaguliwa. Mwaka 1994 William Adams, Tomasz Potkanski na John Sutton walichapisha utafiti wao juu ya umwagiliaji wa Wasonjo, na wazee wa maji walikuwa bado wapo, wakifanya kazi pembeni ya serikali ya kijiji. Nani asiyejua nguvu ya baraza linaloweza kuamua shamba lako lilowe au likauke?

Sasa teremka kusini na picha hiyo kichwani.

Kule Engaruka vijiji saba vilipangana kwenye miteremko chini ya ukuta wa bonde. Nyumba zilisimama juu ya majukwaa yaliyosawazishwa na kuzungushiwa mawe, moja juu ya nyingine kama ngazi. Mbele ya vijiji, kwenye tambarare, yalitandazwa mashamba yapatayo hekta 2,000, yakigawanywa na kuta fupi za mawe na kupitiwa na mifereji iliyojengewa mawe kingoni. Mtama ulikuwa zao kubwa. Mifugo ilifugwa pia. Watu waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi, na baada ya karne ya 18 makazi yakabaki magofu.

Mjerumani Gustav Fischer ndiye aliyeyaandikia wasomaji wa Ulaya mwaka 1883. Kila akitajwa mimi hukumbuka kwamba hakufika peke yake: msafara wake ulitoka Pangani, na waliobeba mizigo na kuijua njia walikuwa watu wa pwani na wa bara. Mwaka 1935 alikuja Louis Leakey. Alihesabu, akakisia kwamba Engaruka ilikuwa na watu zaidi ya 30,000. Idadi hiyo ilivuma, ikazaa hadithi za mji mkubwa uliopotea jangwani. Hamo Sassoon alichimba miaka ya 1960, John Sutton akafuata, na hesabu ikashuka hadi watu elfu chache. Malundo ya mawe yaliyodhaniwa kuwa makaburi, mengi yakaonekana kuwa mawe yaliyookotwa shambani na kurundikwa yasisumbue jembe.

Wako wanaosikitika hesabu inaposhuka, kana kwamba heshima ya Engaruka imepunguzwa. Mimi naona imeongezeka. Watu 30,000 wangeweza kutandaza mawe yale kwa wingi wao tu. Watu elfu chache walihitaji kujua walichokuwa wakifanya.

Na walijua. Daryl Stump, aliyechimba huko miaka ya 2000, alionyesha kwamba sehemu ya mashamba yale ilitengenezwa na wakulima wenyewe, udongo wake wote. Walijenga ukuta mfupi wa mawe, wakaelekeza humo maji yenye tope, wakayatuliza. Tope lilishuka, maji yakaendelea. Ukuta ukaongezwa mstari wa mawe, tope jingine likaja. Hivyo shamba lilikua kwenda juu, mahali palipokuwa na kokoto pakapata udongo wa kulimika. Na kazi haikufanywa kwa ramani moja ya siku moja: kipande kwa kipande, mfereji mmoja ukaachwa na mwingine ukachimbwa.

Mkulima wa Misri ya kale angeielewa hila hiyo papo hapo. Kwa maelfu ya miaka Nile ilifurika kila mwaka na kuacha tope jeusi mashambani, desturi iliyokomeshwa na Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970. Nile lakini ilijiletea tope yenyewe, kwa nguvu ya mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Engaruka tope lilielekezwa kwa mkono, mtaro kwa mtaro.

Watu wanaokwenda Luxor na Giza huonyeshwa jina la mfalme karibu kila ukuta. Piramidi Kuu ina umri wa miaka 4,500 hivi na bado tunajua ni ya Khufu. Engaruka haina maandishi, haina jumba la mtawala, haina hekalu lenye kuzidi nyumba za watu. Mgeni aliyetoka kuzitazama picha za Misri huuliza: sasa nani aliamuru? Nani aliwapanga watu kujenga kuta zote hizi? Aliyetoka Digodigo hana sababu ya kuuliza hivyo. Ameona baraza la wazee likipanga maji bila askari na bila taji, na ameona kwamba panapogawanywa maji kwa zamu, kazi ya kusafisha mfereji nayo hugawanywa.

Hapo ndipo pa kusimama, tusivuke. Wengi husema moja kwa moja kwamba Wasonjo ndio waliojenga Engaruka wakahamia kaskazini. Inawezekana kuna damu hiyo. Lakini mifereji ya Wasonjo ni ya udongo, ya Engaruka ni ya mawe, na wapo wanaowatazama Wairaqw wa Mbulu na Karatu, mabingwa wa samadi, wa kufungia ng'ombe nyumbani na wa kulima miteremko bila kuipoteza. Lugha waliyoisema watu wa Engaruka haikuandikwa popote. Ninachokitetea mimi ni kidogo kuliko ukoo, na nadhani ni cha kufaa zaidi: Digodigo inatufundisha kuisoma Engaruka, iwe ni jamaa yake au si jamaa yake.

Kwa nini waliondoka? Maji yanatajwa kwanza. Zamani vijito kadhaa vilishuka kutoka nyanda za Ngorongoro hadi mashambani. Leo wa kutegemea mwaka mzima ni Mto Engaruka. Matope ya chini ya ziwa lililomo ndani ya kreta ya Empakai, juu ya nyanda hizohizo, yamechimbuliwa na kusomwa na wataalamu ili wajue karne zipi zilikuwa na mvua na zipi zilikauka. Wafugaji wa Kimasai walikuwa wakienea bondeni wakati uleule. Udongo nao huchoka. Mkulima anaweza kuvumilia moja kati ya hayo, hata mawili.

Njia ya kutoka Digodigo hadi Engaruka yenyewe inastahili siku mbili. Unashuka kutoka Sale kwenda bondeni, ambako Ziwa Natron linang'aa kwa magadi. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliwa hapo, kwa kuwa tope la magadi huwazuia maadui wao. Upande wa kusini ni kijiji cha Ngare Sero, chenye kambi za wageni na maporomoko ya maji. Jirani na kijiji, kwenye majivu yaliyogeuka mwamba, ziko nyayo za binadamu zaidi ya 400. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliziweka kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978 upande wa pili wa nyanda, ni za kale mno kuliko hizo, miaka milioni 3.6, lakini hawakuwa watu kama sisi. Wa Ngare Sero walikuwa watu kamili, wenye haraka zao.

Juu ya yote hayo umesimama Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamasai, volkano pekee duniani ambayo bado inatoa lava ya magadi: hutoka nyeusi, hukutana na hewa na unyevu, ikageuka nyeupe. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 1966 na tena 2007. Wapandaji huanza usiku wa manane ili jua liwakute kileleni.

Mwaka 2011 njia hii ilijaa magari kuliko wakati wowote. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, Babu wa Loliondo, alikuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa ya mti wa mugariga huko Samunge, kwa shilingi 500. Waliotoka Arusha, Nairobi na mbali zaidi walipita Mto wa Mbu, wakapita Engaruka, wakapita Ngare Sero, wakalala barabarani katika foleni ya kilomita nyingi. Mchungaji alifariki Julai 2021. Nimewahi kujiuliza ni wangapi kati ya maelfu yale, wakisukuma gari lililozama kwenye vumbi, waliambiwa kwamba kwenye mteremko wa pembeni kuna nyumba za watu wa karne ya 15. Na walipofika Samunge, wangapi waliona mfereji na kuuliza ni wa nani.

Barabara sasa inabadilika. Kati ya Mto wa Mbu na Loliondo ni zaidi ya kilomita 200, na kipande cha kilomita 49 kutoka Waso hadi njiapanda ya Sale kimewekwa lami. Lami ikikamilika, wageni watakuja kwa wingi. Napenda waje. Lakini mawe ya Engaruka hayana uzio wa kutosha wala walinzi wa kutosha. Ng'ombe hupita juu yake, na jiwe lililolala vizuri hushawishi mtu anayejenga. Watu wa Digodigo nao hawakupanga zamu zao za maji ziwe maonyesho. Anayekwenda kuona mfereji wao aende kwanza kwa wenye mji, kama ilivyo desturi.

Ukimaliza magofu, usirudi garini mara moja. Shuka hadi Engaruka Juu, pembeni ya mto. Mashamba ya leo, migomba, mahindi, maharage, yanamwagiliwa kwa mifereji iliyochepushwa kutoka mto uleule, na mingine inapita hatua chache tu kutoka kuta za zamani. Fika jioni, wakati zamu zinapobadilika. Utaona mtu amejikunja na jembe, anaziba upande mmoja kwa bonge la udongo na kufungua upande wa pili, na maji yanasita kidogo kabla ya kugeuka.