Nani Ashike Ufunguo wa Mlimani?

Ndugu msikilizaji, kila ifikapo Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotoa matokeo ya kidato cha sita, nchi yetu huingia katika msimu wa mahangaiko. Nyumbani mzazi humwuliza mwanawe: umeomba chuo gani? Wamekupa kozi gani? Katika steshenari za mitaani foleni huwa ndefu, na kijana mwenye kompyuta huwajazia wenzake fomu kwa malipo. Kisha majina hutoka, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na manung'uniko huanza: fulani mwenye alama ndogo amepata, fulani mwenye alama kubwa amekosa.

Wiki hii sikusudii kunung'unika nao. Nataka turudi nyuma tuangalie jambo hili limetoka wapi. Tangu elimu ya chuo kikuu ianze katika nchi hii swali limekuwa lile lile: nafasi ni chache, wanaozitaka ni wengi, nani achague? Jibu limebadilika mara kadhaa, na kila mara kwa sababu iliyoonekana njema. Ili tusipotee katika nadharia, hebu tulipime kila jibu kwa kijana mmoja wa kufikirika, mtoto wa mvuvi na mkulima wa mpunga katika delta ya Rufiji.

Delta hiyo si ughaibuni. Ukitoka Mbagala kwa basi, ukapita Mkuranga, saa chache tu uko Kibiti, kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Lakini kutoka Kibiti kwenda vijiji vya delta ni safari nyingine kabisa. Unateremka hadi Nyamisati, na kuanzia hapo bahari na mto ndio wenye amri. Mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, na katikati yake kuna visiwa, mashamba ya mpunga na msitu wa mikoko usio na mfano katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Maji yakijaa mashua inapita. Yakipwa, unangoja. Huko ndiko anakotoka kijana wetu.

Sasa turudi kwenye historia. Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi walikuwa 14, wote wa sheria, na shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 chuo hicho kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima ambacho hadi leo tunakiita Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye kujitegemea.

Katika miaka hiyo ya mwanzo aliyechagua ni mtihani, na mtihani wenyewe ulitoka Cambridge. Ukiufaulu, njia ilikuwa wazi, kwa sababu waliofika kidato cha sita walikuwa wachache na taifa liliwahitaji wote. Aliyeufaulu hakuwa na haja ya kujipigia debe. Ila kuufikia mtihani huo ndiko kulikokuwa na kazi. Shule za sekondari zilikuwa chache na nyingi zilijengwa kule ambako misheni na mazao ya biashara yalitangulia. Mtoto wa delta hakukataliwa na Chuo Kikuu. Alikuwa ameachwa njiani miaka mingi kabla jina lake halijafika huko.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano aliopenda kuutoa kuhusu wasomi hao. Alimfananisha mwanafunzi wa chuo kikuu na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila akaishia huko, ni msaliti. Oktoba 1966 mfano huo uligeuka ugomvi. Wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawafukuza karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, wakarudishwa vijijini kwao. Wengi walikubaliwa tena baadaye, lakini tangu siku hiyo wakubwa walianza kujiuliza: je, mtihani peke yake unatosha kumtambua mtu wa kukabidhiwa chakula cha kijiji?

Jibu lilitolewa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma. Azimio la Musoma tunalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini lilibadilisha pia mlango wa Chuo Kikuu. Kuanzia hapo kijana hakutoka kidato cha sita na kupanda Mlimani moja kwa moja. Alitakiwa apitie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi walau miaka miwili, ndipo aombe. Na alipoomba, matokeo ya mtihani hayakutosha. Mwajiri wake alitoa maoni juu ya kazi na tabia yake, na chama nacho kikatoa neno lake.

Wapo wanaoucheka mfumo huu leo. Mimi siucheki, maana ulikuwa na hoja. Mwalimu wa shule ya msingi au karani wa bwalo la mazao, aliyekosa nafasi akiwa kijana, alifunguliwa mlango akiwa mtu mzima. Ulisema kwamba kazi nayo ni shule. Katika miaka hiyo hiyo nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kimkoa na kiwilaya, ili wilaya zilizoachwa nyuma zisiendelee kuachwa. Kwa mtoto wa delta mgawo huo ulikuwa na maana kubwa. Kwa mara ya kwanza kijiji chake kilihesabiwa mahali fulani kabla mtihani haujasahihishwa.

Lakini mfumo ulikuwa na madhara yake. Kijana aliyekaa miaka mitatu mbali na hisabati na fizikia aliporudi alikuta amesahau mengi, na vitivo vya sayansi na uhandisi vikapata shida ya kujaza nafasi. Wasichana waliumia zaidi. Miaka mitatu ya kungoja ni miaka ya kuolewa na kuzaa, na idadi yao Chuoni ikashuka. Haikupita muda mrefu ikabidi wao waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Na lile neno la mwajiri na chama, ndugu msikilizaji, lilikuwa kisu chenye makali pande mbili. Mkubwa mwema alimwinua mnyonge mwenye bidii. Mkubwa mwenye kinyongo, au mwenye mpwa wake aliyetaka nafasi ile ile, alikuwa na kalamu mkononi na hakuna aliyesoma alichoandika. Mtoto wa mvuvi asiyemjua mtu ofisini angemwomba nani amwandikie vizuri?

Masharti ya Musoma yalilegezwa polepole hadi yakatoweka katika miaka ya 1980, na mtihani ukarudi kitini. Safari hii ulikuwa mtihani wetu wenyewe, wa Baraza la Mitihani lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Vyuo navyo vikaanza kuongezeka: Sokoine mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kisha vyuo vya mashirika ya dini na watu binafsi. Miaka ya 1990 ilileta pia jambo jipya, uchangiaji wa gharama. Mzazi akaambiwa kwamba nafasi bila fedha ni karatasi tu. Mwaka 2005 ikaanza kazi Bodi ya Mikopo, na mwaka huo huo ikaundwa Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, TCU.

Vyuo vilipokuwa vingi tatizo likageuka. Kijana mmoja mwenye alama nzuri aliomba vyuo vinne, akapata vyote vinne, akaenda kimoja. Viti vitatu vikabaki vitupu vikimngoja, huku wenzake watatu wakiambiwa hakuna nafasi. Mwaka 2010 Tume ikaja na dawa: udahili wa pamoja. Mwombaji alijaza maombi mara moja, kwa simu au kompyuta, akapanga kozi kwa kadiri anavyozipenda. Mtambo ukachukua matokeo yake, ukalinganisha na sifa za kila kozi, ukampanga mahali pamoja tu.

Hapa kijana wetu wa delta alipata nafuu ambayo haikuzungumzwa sana. Mtambo haukumjua mjomba wa mtu. Malipo ya maombi yalikuwa mara moja, fomu moja. Lakini malalamiko nayo yakaja: vijana walipangiwa kozi na vyuo wasivyovitaka, na vyuo vikasema vinaletewa wanafunzi ambao havikuwachagua. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza wanafunzi waachiwe wachague vyuo wenyewe, na maombi yakarudi kwa kila chuo.

Sasa tazama kilichotokea. Lile tatizo la mtu mmoja kushika viti vinne likarudi mlangoni. Kwa hiyo ikabidi kuwe na utaratibu wa kuthibitisha. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, naye huthibitisha chuo kimoja katika muda uliowekwa. Tulichokitoa kwa mlango wa mbele kimerudi kwa mlango wa nyuma, na mzigo uliokuwa wa mtambo wa Tume sasa uko katika simu ya mwombaji.

Kwa msomaji wa Kinondoni au Ilala hilo si tatizo. Simu iko mfukoni, chaji ipo, mtandao upo, na akikwama anapanda daladala hadi chuoni kuuliza. Lakini hebu mfuate kijana wa delta. Amefaulu. Ana zile alama mbili kuu zenye jumla ya pointi 4, ambazo ndizo kiwango cha chini cha kuomba shahada, tena amezidi. Kila chuo anachotaka kina ada yake ya maombi na dirisha lake kwenye mtandao. Mkopo nao una ada yake, unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, unataka sahihi za watu na mihuri ya ofisi. Kila kitu kinaanza na safari ya kwenda Kibiti, na safari inaanza na maji kujaa. Akimwachia mtu wa steshenari ajaze kwa namba ya simu ya steshenari, ile namba ya siri itakwenda kwenye simu ya mtu mwingine. Akikosa kuthibitisha kwa wakati, kiti chake chaweza kwenda kwa mwenzake. Na hapo hakuna aliyemwonea, hakuna aliyekula rushwa. Kila ofisi itasema ilifuata utaratibu, na itakuwa inasema kweli.

Hilo ndilo ninalotaka tulione. Zamani mtoto huyu alizuiwa na uhaba wa shule. Baadaye alihofia kalamu ya mkubwa. Leo, baada ya shule za sekondari za kata zilizoanza kujengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, na baada ya ada kufutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016 na kidato cha tano na sita mwaka 2022, anaweza kufika hadi kwenye mtihani na kuushinda. Anakwama katika wiki chache kati ya matokeo na majina, wakati ambapo si mwanafunzi tena wa shule wala bado si mwanafunzi wa chuo. Katika wiki hizo hakuna mtu serikalini ambaye kazi yake ni kumjua.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Kibiti pana shule ya sekondari yenye kidato cha tano na sita, inayopokea vijana waliopangwa kutoka mikoa mbalimbali. Wanakaa pale miaka miwili, wanafanya mtihani Mei, wanafunga masanduku na kuondoka. Mtoto wa delta naye huenda amepangwa Iringa au Tabora, na mtihani ukiisha anarudi kijijini kwake. Mwalimu aliyemjua yuko mamia ya kilomita. Shule iliyo karibu naye haimjui. Tumewachanganya vijana wetu ili walijue taifa lao, nami nakubali kabisa na nia hiyo, lakini hatukuweka mtu wa kuwapokea wanaporudi.

Dawa haihitaji azimio jipya wala mtambo mpya. Shule ya sekondari iliyo makao makuu ya wilaya inaweza kufungua chumba kimoja wakati wa madirisha ya udahili, chenye mwalimu mmoja anayejua taratibu, kwa kila kijana wa wilaya hiyo bila kujali alisomea wapi. Ofisa elimu anaweza kuwa na orodha ya watoto wa wilaya yake waliofaulu, na kufuatilia mmoja baada ya mmoja nani ameomba na nani kimya. Kwa wilaya kama Kibiti orodha hiyo haiwezi kumshinda mtu mmoja mwenye daftari na simu. Na Tume, kabla ya kufunga dirisha, ingeweza kutangaza pia ni wangapi walikuwa na sifa na hawakuomba, wilaya kwa wilaya. Kila mwaka tunaambiwa waliochaguliwa. Wasioomba hawana anayewatangaza.

Turudi kwa mfano wa Mwalimu. Kijiji chenye njaa kilichanga chakula, kikamteua mjumbe, kikamsindikiza hadi njia panda. Katika delta bado wanachanga. Mzee anauza mpunga, mama anauza kamba wabichi, kaka anakopa nauli ya boti. Nasi wa mjini, tunaosoma magazeti na kusikiliza redio, tunapaswa tujiulize kama ile njia panda bado ina mtu wa kumwonyesha mjumbe wao aelekee wapi.