Pedi, vidole gumba na nauli ya Butiama

Nilipotea, mitihani ilinibana. Leo nawaletea historia, ila msiogope, siyo Mkutano wa Berlin. Ni historia ya pedi ya gemu.

Likizo hii nilishukia Bunda kwa mama mdogo, kesho yake niende Butiama kwa bibi, halafu nyumbani Musoma. Mdogo wangu wa kidato cha pili akanipeleka kwenye kibanda cha gemu. Sheria ya pale: anayepigwa ndiye analipa. Mimi Musoma nimekulia kwenye Counter-Strike ya kompyuta, nikajiona komando. Wakaweka Call of Duty. Jamani! Nikitaka kugeuka naangalia mawingu. Vitoto vinacheka, "Ticha, huo ni ukuta!" Mpaka nanyanyuka, nauli ya Butiama imeisha.

Niliporudi chuo nikachimba. Kumbe mausi na kijiti cha pedi ni lugha mbili. Mausi ukiisogeza kidogo unageuka kidogo, ukiiacha umesimama. Kijiti kinaamua kasi, ukiendelea kukisukuma unaendelea kuzunguka. Mkono uliozoea mausi lazima upitilize adui.

Na hata waliotengeneza walihangaika. Pedi ya PlayStation ya 1994 haikuwa na vijiti kabisa, ni vitufe tu. Doom iliyoingia humo 1995 ilichezeka kwa sababu haikuhitaji kulenga juu wala chini. Nintendo 64 ikaja na kijiti kimoja, na GoldenEye 007 ya 1997 ikawa inamsaidia mchezaji kulenga. Tena ilikuwa na mpangilio wa mtu mmoja kushika pedi mbili, moja kila mkono! Yaani walishaona kwamba kidole gumba cha pili kinakosa kazi.

Mwaka huohuo 1997 Sony wakatoa pedi za vijiti viwili. Mwaka 2000 gemu ya Alien Resurrection ikatumia kijiti cha kushoto kutembea, cha kulia kutazama na kulenga. Ndiyo mpangilio wa karibu kila gemu ya risasi leo. Mhakiki wa GameSpot akauponda, akaona unatisha kuliko hayo madude yenyewe. Hapo nilicheka peke yangu hosteli. Mtu analipwa kucheza gemu, naye kalia kama mimi Bunda!

Halo ya Novemba 2001 ndiyo iliwashawishi wengi. Vijiti ni vilevile, ila alama ya kulengea ikipita juu ya adui, kasi ya kugeuka inapungua kidogo bila wewe kujua.

Mdogo wangu hajui hata moja kati ya haya, lakini dawa aliijua: "Kaka, punguza spidi ya kulenga, halafu usogee kwa kushoto mpaka adui aje katikati." Akanikopesha na nauli. Bumu halijatoka, ananikumbusha kila Jumamosi.

Bibi aliuliza mbona nimechelewa siku nzima. Nikamwambia gari liliharibika.