Mginko: Mti wa kale wenye sifa na hatari zake

MGINKO, ambao wataalamu wa mimea huuita Ginkgo biloba, ni mti wenye asili yake nchini China. Mimea mingine yote ya ukoo wake ilikwisha kutoweka duniani, ukasalia peke yake. Mabaki ya ukoo huo yaliyogeuka mawe yana umri wa zaidi ya miaka milioni 200.

Mti huu huweza kufikia kimo cha mita 30. Majani yake yana umbo la kipepeo cha kupepea moto, na hugeuka manjano kabla ya kupukutika. Kuna mti dume na mti jike. Mbegu za mti jike zimefunikwa kwa nyama laini ambayo huvunda ikioza.

Tangu kale, Wachina wametumia mbegu hizo kutibu kikohozi na pumu. Siku hizi dawa ya majani yake husifiwa kwamba huimarisha kumbukumbu. Hata hivyo, utafiti uliofanyiwa wazee 3,069 nchini Marekani, na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2008, ulibainisha kuwa haizuii maradhi ya usahaulifu uzeeni.

Isitoshe, mbegu zikiliwa kwa wingi huweza kusababisha degedege, hasa kwa watoto. Dawa ya majani nayo huweza kuzidisha uvujaji wa damu kwa anayetumia aspirini au warfarini. Kwa hivyo, yeyote anayeitumia yafaa amweleze daktari, hususan kabla ya kufanyiwa upasuaji.