Shahada ya Ualimu na Lugha ya Kazi

Beit el Ras, kaskazini ya mji wa Unguja, ndipo Seyyid Said bin Sultan alipoanza kujenga kasri mwaka 1847. Alipofariki mwaka 1856 jengo lilikuwa bado halijakamilika, na mawe yake mengi yakaja kuchukuliwa kujengea njia ya reli ya Bububu. Katika ardhi hiyo hiyo baadaye pakasimama chuo cha ualimu, ambacho baada ya Mapinduzi ya 1964 kilipewa jina la Kwame Nkrumah. Kwa miongo mingi aliyehitimu hapo alitoka na cheti au stashahada. Aliyetaka shahada ilimbidi avuke bahari, na alichokikuta ng'ambo kina historia yake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilianza na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Nchi ilikuwa inapata uhuru bila ya walimu wa kutosha wa skuli za sekondari. Waliopo wengi wao walikuwa wageni. Mwaka huo huo ulianzishwa mpango wa kuwaleta Afrika Mashariki mamia ya vijana wa Kimarekani waje kufundisha, na wengi wao walipitia kwanza Makerere kusomea stashahada ya ualimu. Utaratibu wa Makerere ulikuwa ule wa Kiingereza: mtu husoma historia au hisabati mpaka akapata shahada yake, kisha kwa mwaka mmoja akafundishwa namna ya kuifundisha. Elimu ni nguo, ualimu ni kiraka kinachotiwa mwisho.

Mwaka 1964, kilipofunguliwa Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii, Dar es Salaam ilifuata njia nyengine. Idara ya Elimu ikawekwa ndani ya kitivo hicho, na mwanafunzi aliyekusudia kuwa mwalimu akasoma ualimu sambamba na masomo yake ya kufundishia, katika miaka ile ile mitatu. Kitivo cha Sayansi kilipokuja nacho kikafuata mkondo huo. Asubuhi mwanafunzi aliweza kuwa katika mhadhara wa jiografia pamoja na wasiokuwa na nia ya kushika chaki maishani mwao. Mchana akawa katika saikolojia ya elimu, au falsafa yake, au mbinu za kufundishia somo lile lile la asubuhi. Likizo ilipofika, wenzake walikwenda kwao, yeye akapelekwa skuli kufanya mazoezi ya kufundisha, na mhadhiri akamfuata huko kukaa kiti cha nyuma na daftari lake.

Sababu ya kwanza ya mpango huu ilikuwa uhaba: miaka mitatu ni michache kuliko minne, na skuli hazikuweza kungoja. Lakini haikuwa uhaba peke yake. Kumfundisha mtu kazi yake tangu mwanzo ni kusema kwamba ualimu una elimu yake inayostahili kukaa chuo kikuu. Wapinzani walidai kuwa mwanafunzi wa namna hii hutoka nusu mwanachuoni nusu mwalimu. Lawama hiyo haikuwa bure, maana mzigo ulikuwa mzito na muda mfupi. Ila aliyewahi kufundishwa na bingwa wa hisabati asiyejua kuieleza atakuwa na jawabu lake. Baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, masomo haya yalipata na uzito wa kisiasa, kwani mwalimu ndiye aliyetakiwa kuibeba siasa hiyo mpaka darasani.

Palipobaki na kasoro ni katika lugha. Walimu wa skuli za msingi katika vyuo vya Bara walifundishwa kwa Kiswahili, na kazi yao ikapata msamiati mzuri. Mpango wa vipindi vya muhula ukaitwa azimio la kazi. Karatasi ya kipindi kimoja ikaitwa andalio la somo. Neno azimio lina nia ndani yake, na andalio lina harufu ya jiko la mtu anayengojea wageni. Hakuna aliyezikalia kamati akapata maneno bora kuliko hayo. Aliyepanda kwenda kusomea shahada aliyaacha mlangoni. Falsafa, saikolojia na mbinu alifundishwa kwa Kiingereza, kwa vile sekondari alikokuwa akielekea kulifundishwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo kadiri mwalimu alivyopanda cheo ndivyo alivyozidi kuwa mbali na maneno ya kazi yake.

Mlango mmoja tu ulikuwa wazi. Mwaka 1970 ilianzishwa Idara ya Kiswahili, nayo ikafundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Mwalimu mtarajiwa aliyelichukua somo hilo alijadili isimu na fasihi, na akaandika insha za kiwango cha shahada, kwa lugha atakayoisema darasani. Ilihitaji kuunda istilahi, na zikaundwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya isimu na lugha, na mwaka huo huo kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Ile ya kwanza ilikuta wasomaji wanaoingoja. Ya pili ilikuta mlango wa maabara umefungwa, kwani pendekezo la Tume ya Makweta ya 1982, la kuifanya sekondari ifundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985, lilikuwa limeshakataliwa na serikali.

Shahada ya ualimu ilivuka bahari kuja Unguja mwaka 1998, kilipofunguliwa Chukwani chuo cha elimu kwa msaada wa jumuiya ya Kikuwait, ambacho baadaye kilichukua jina la mwanzilishi wake, Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya 1999, kikaanza kazi mwaka 2001, na mwaka 2005 kikakichukua Chuo cha Nkrumah. Hivyo Beit el Ras ikawa pahala pa shahada.

Kwa mujibu wa Katiba, elimu ya juu ni jambo la Muungano, bali skuli za Zanzibar ziko chini ya Wizara ya Zanzibar. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Hapo kasoro ya zamani ya chuo kikuu ikateremshwa kwa watoto wa miaka kumi na moja, na mwalimu aliyejifunza sayansi yote kwa Kiswahili katika skuli ya msingi akatakiwa kuisomesha kwa lugha aliyoisikia zaidi katika mihadhara. Katika mazoezi ya kufundisha, msimamizi akiwepo kiti cha nyuma, somo huenda kwa Kiingereza kama lilivyoandikwa katika andalio. Gari lake likishatoka nje ya uwanja wa skuli, mwalimu hufuta ubao, huuliza nani hakufahamu, na mikono hunyanyuka.